Kiongozi anataka nivue ushungi, mume anataka niache ngoma

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 31, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Mbagala. Mume wangu ni fundi pikipiki. Mimi asubuhi nachoma vitumbua, jioni naenda mazoezini, maana niko kwenye kikundi cha ngoma za asili tangu kabla sijaolewa. Kwetu ni Newala, lakini nimezaliwa Temeke, na Kimakonde chenyewe nakisikia tu, kukijibu ni shida. Sindimba ndiyo iliyonifanya nione kwamba na mimi nina kwetu. Ni Muislamu, na ushungi nimeuvaa tangu nilipovunja ungo. Hakuna anayenishikia fimbo. Nikitoka kichwa wazi najiona kama nimesahau nguo nyumbani.

Kikundini tunacheza sindimba, lizombe, mganda, bugobogobo na mdundiko. Tunaitwa kwenye harusi, mapokezi ya viongozi, mara nyingine hoteli za Kigamboni. Siku zote mimi na wenzangu wawili tumecheza na ushungi wetu. Tunaufungia nyuma ya shingo, tunapiga kibwebwe, kazi inaendelea. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Safari hii tumepata nafasi ya kucheza kwenye maonyesho ya Sabasaba. Kiongozi wetu akatuita, akamwaga sare mpya kwenye mkeka: kitopu cha gunia kilichoshonewa simbi, mabega nje, sketi ya katani inayoishia juu ya magoti, kichwa wazi, nywele tusuke mabutu. Akasema hilo ndilo vazi la asili. Mwenzangu akamuuliza, na sisi wa ushungi je? Akajibu mbele ya wote, wanaume kwa wanawake: "Ushungi umeletwa na Waarabu. Bibi zenu huko Newala hawakuvaa. Asiyetaka kuvua atakaa nyuma agawe maji." Tukanyamaza kimya.

Nyumbani nako moto. Mume wangu alinipendea kwenye ngoma. Enzi za uchumba alikuwa anakuja, anasimama mbele, ananitunza mpaka nauli yake inaisha. Sasa mwaka jana kuna mtu alinirekodi kwenye harusi Chamazi, akakata kipande cha kiuno tu, akakirusha kwenye magrupu. Kikazunguka mpaka kijiweni kwa mume wangu. Vijana wakawa wanakirudiarudia, mmoja anasema, "Huyu wa ushungi ndiye balaa," hajui kwamba mwenye mke amekaa pale pale na spana mkononi. Tangu siku ile mume wangu hataki kusikia habari za ngoma. Nilipomweleza ya Sabasaba na lile vazi akasema, "Ukipanda jukwaani na hicho kitu, usirudi hapa." Nikamwambia nitapanda na ushungi wangu. Akasema hata na ushungi, mke wa mtu hakatiki mbele za watu.

Mama mkwe ni Mzaramo wa Kisarawe, ni kungwi, amewacheza wali wengi na anaheshimika. Nilidhani atanitetea. Yeye akasema kucheza hakumkeri, kinachomkera ni mtu kujitanda kichwa halafu akakata kiuno wanaume wanatazama. "Chagua moja, mwanangu. Au kichwa au kiuno."

Kwa hiyo kiongozi anasema ushungi wangu unaharibu ngoma, na mkwe wangu anasema ngoma yangu inaharibu ushungi. Mimi niko katikati, na ile elfu ishirini ninayopata kwenye onyesho ndiyo inayolipa ada ya mtoto wa kwanza.

Kuna jingine dogo, nalitaja tu. Kwa kweli mimi napenda kupiga kuliko kucheza. Kazi ya kuwasha moto wa maboksi na kuzipasha ngoma ngozi zikaze wameniachia mimi, kwa sababu nasikia sauti ikishafika. Zikishakaza wananipokonya vijiti, wanasema wanawake nyuma, wapigaji waje. Hilo nimeshalizoea.

Nisaidie, Shangazi. Nivue, niache, au nigombane?

Mama Vitumbua, Mbagala

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na kiongozi wako. Maneno yake yana sauti kubwa, lakini ndiyo mepesi kuliko yote uliyoniletea.

Kwamba bibi zako wa Newala hawakuvaa ushungi, huenda ni kweli. Lakini bibi hao hao walichanja nembo usoni, na wengi wao walitoboa mdomo wa juu wakavaa ndonya. Kama sare inapimwa kwa alivyokuwa bibi, mbona ndonya haikuwemo pale mkekani? Na hicho kitopu cha gunia chenye simbi, ni bibi wa nani aliyekivaa? Newala iko juu uwandani, bahari iko mbali. Alichowaletea ni vazi la jukwaani, lililobuniwa na watu wa siku hizi kwa ajili ya watazamaji wa siku hizi. Kubuni vazi la jukwaani hakuna ubaya. Ubaya ni kuliita asili ili mwanamke akose la kusema.

Tena yeye Mmakonde wa jukwaani anasahau kwamba katika ngoma za Wamakonde anayefunika kichwa kuliko wote ni mwanamume. Mcheza mapiko huvaa kinyago kama kofia, kichwa kizima kinaingia ndani, shingo inafichwa kwa kitambaa, mwili unafungwa nguo mpaka hata mkewe asimtambue. Ngoma haiharibiki. Ngoma inakolea pale pale.

Ngoma unayoicheza wewe imepita mikono mingi. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge alipoanza kazi ya urais, akatangaza wizara ya utamaduni, akasikitika kwamba tunajua rumba na chachacha lakini hatujui gombe sugu wala lelemama. Baada ya hapo likaundwa kundi la taifa la ngoma, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Katika safari hiyo ngoma za usiku kucha, za kuzunguka duara watu wote wamo, zilipangwa mistari, zikaelekezwa kwa watazamaji, zikafupishwa zitoshee kabla mgeni rasmi hajaondoka, zikashonewa sare. Naiheshimu sana kazi ile. Bila hiyo wewe mtoto wa Temeke usingeijua sindimba. Ila mtu asije akakuambia kwamba ilivyo leo jukwaani ndivyo ilivyoshuka kutoka mbinguni. Kila kitu pale kilichaguliwa na mtu, na kinaweza kuchaguliwa tena.

Umeona Mwalimu alivyoitaja lelemama? Hiyo ni ngoma ya wanawake wa miji ya pwani, wanawake wa kanga na buibui. Mwendo wake ni wa taratibu, safu imesimama, mikono ndiyo inayosema. Aliihesabu kuwa ni mali ya taifa sawasawa na za bara. Hakusema hiyo ni ya Kiarabu tuiache.

Halafu fikiria na jukwaa lenyewe mnaloenda. Sabasaba ni siku ya kuzaliwa kwa TANU, tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata chama kilipotaka wanawake, aliyewaleta ni Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa hapa hapa Dar es Salaam, ambaye watu walikuwa wanamjua kwa sauti yake: alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakupita ofisini kuwatafuta. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, na kiongozi akikubali, kikundi kizima kinakuja na kanga zake za sare. Wengi wao walikuwa Waislamu wa mjini, mama wa kujitanda, waliozoea kujipanga, kuchangishana na kusimama pamoja kwa sababu ngoma ndivyo ilivyowafundisha. Leo mtu anataka kuisherehekea siku hiyo kwa kumweka mwanamke wa ushungi nyuma agawe maji. Mwambie hivyo hivyo, kwa adabu, lakini mwambie.

Na hilo la Waarabu nilitolee neno, maana nalisikia sana mjini na linawaumiza wengi. Unguja, zama za utumwa, mjakazi alivaa kaniki na hakuwa na ruhusa ya kufunika kichwa. Kichwa kilichofunikwa kilikuwa cha mwungwana. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa na binti zao wakajitwalia kanga, wakajitanda, na baadaye wakachukua na buibui. Walikuwa wanawaonyesha mabwana zao wa jana kwamba wao si watumwa tena. Siti binti Saad alitoka katika watu hao, alizaliwa na wazazi watumwa, akaimba amejifunika, akaenda Bombay mwaka 1928 akarekodiwa, na sauti ikatoka. Basi huwezi ukamwambia mjukuu wa wanawake wale kwamba kitambaa chake ni cha mgeni. Na wala si cha Waislamu peke yao. Nenda kanisani Jumapili, waangalie akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na sare zao za kitenge, vilemba vimekaa sawasawa. Wamo humo wanaotoka kwaya mchana na jioni wanacheza ngoma za kwao.

Pamoja na hayo, usije ukawageuzia kibao wenzako wasiojifunika. Bi Kidude aliimba uso wazi, sigara mkononi, akiwa mzee kabisa, na hakuna mwenye akili anayeweza kumtoa katika mila ya pwani. Kichwa chake kilikuwa chake kama chako kilivyo chako. Ninachokitetea mimi ni kwamba kiongozi wa kikundi hana mamlaka ya kukuvua, na kesho akija mwingine anayetaka wote wafunikwe, hatakuwa na mamlaka hayo pia. Tena waulize hao wasiovaa ushungi kama wanapenda kutoa mabega nje mbele ya kamera za watu. Sitashangaa ukikuta wapo walionyamaza kwa sababu hawana ushungi wa kuwatetea.

Usiende kwake peke yako, na usiende mikono mitupu. Nendeni nyinyi watatu mkiwa mmeshaandaa. Chukueni kanga ya pamba, siyo mtandio wa shifoni, ule unateleza jasho likianza na utacheza mkono mmoja ukiwa kichwani. Vaeni kikofia cha ndani cha pamba kwanza, kanga ikunjwe pembetatu, izungushwe, ncha zipite nyuma zifungwe fundo moja chini ya kisogo, pini mbili ubavuni. Juu yake mnaweza kuzungusha mkufu wa shanga, na hapo mtakuwa mmefanana na wa mabutu kwa rangi bila kufanana kwa kichwa. Ndani ya kitopu vaeni fulana nyeusi ya mikono mirefu, chini skintaiti nyeusi, na sketi iwe hiyo hiyo ya katani. Mkiwa mmesimama mmependeza mbele yake, kazi ya kukataa inakuwa ngumu kuliko mkiwa mmesimama mnanung'unika. Na habari ya kugawa maji ikataeni wazi. Wacheza wote wanakunywa maji, wote wanaweza kujichotea.

Akikataa kabisa? Basi onyesho hilo lipite bila nyinyi. Itakuuma, na hiyo elfu ishirini itapungua. Lakini ukivua kwa kulazimishwa mara moja, mwakani hatauliza.

Sasa mumeo.

Mwanangu, hapo kijiweni palitokea jambo zito, na nadhani bado hamjalizungumza. Mtu amekaa na spana mkononi, anasikia mkewe anafanywa mchezo na vijana anaowajua kwa majina, na hakusema "huyo ni mke wangu." Unadhani hasira yake yote ni ya kwako? Mimi naona sehemu kubwa anajilaumu mwenyewe, kwa lile neno ambalo halikumtoka. Na kwa kuwa hawezi kurudi nyuma akalisema, anaona nafuu ngoma yenyewe ife. Kaa naye siku ambayo hamjagombana, watoto wamelala, umuulize siku ile ilikuwaje kwake. Usimtetee kijana yeyote na usijitetee wewe. Msikilize mpaka amalize. Mtu huyu alikuwa anakutunza mpaka nauli inaisha. Hachukii unavyocheza.

Halafu mkumbushe nani aliyekosa. Wewe ulicheza sindimba nzima, na mikono yake, na miguu yake, na kuitikia kwake. Aliyechukua simu akakata kiuno akakiacha kichwa na wimbo, yule ndiye aliyekuvunjia heshima. Kikundi chenu kinaweza kuweka utaratibu: MC atangaze kabla ya ngoma kwamba hakuna kusogea na simu kwenye safu, na mmoja wa vijana wenu asimame kwa kazi hiyo. Uwanja wa Sabasaba huwezi kuwazuia wote, lakini unaweza kuchagua kusimama safu ya pili. Mwalike na mumeo aje asimame mbele kama zamani. Wanaume wanatulia sana wakiona kwa macho yao badala ya kuona kwenye simu ya mtu mwingine.

Kuhusu "usirudi hapa," neno la hasira lisikupeleke kwenye jibu la hasira, wala usitoke kwa kunyatia. Ujue tu kwamba nyumba haivunjwi kwa sentensi moja. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, shauri la talaka hupitia kwanza baraza la usuluhishi, na mke ana haki ya mali yake na jasho lake. Hujaniambia kama amewahi kukunyooshea mkono. Kama amewahi, barua hii iweke pembeni, uende kwa wazazi wako na dawati la jinsia la polisi kabla ya kufikiria jukwaa lolote.

Anayenifikirisha zaidi ni mkwe wako, na ningekuomba umsikilize kuliko hao wawili. Mama huyu hajazungumza ovyo. Ndani ya mkole, yaani unyago wa Wazaramo, kiuno kinafundishwa mwanamke kwa mwanamke, mlango umefungwa, na kila mzunguko una maana yake na muda wake. Hata sindimba kwao ilikuwa na nyumba yake katika sherehe za jando na unyago, watu wanajuana, wanajua nini kinachezewa. Kiuno kilipotolewa kikapandishwa jukwaani kiliachana na wale waliokuwa wanakilinda. Ukasafiri mwendo peke yake. Ndiyo maana mtu wa Chamazi aliweza kuukata akauweka kwenye simu kama kitu kisicho na mwenyewe. Mkwe wako anakijua kilichopotea hapo kwa sababu amekishika miaka yote kwa mikono yake.

Ninapoachana naye ni pale anaposema uchague. Sindimba wanaume wanakata kiuno pia, ana kwa ana na nyinyi, na wengine wana kofia zao za kufuma kichwani. Nani amewaambia wavue kofia au waache kiuno? Hakuna kungwi wala somo aliyewaita kando. Mzigo wa kulinganisha kichwa na kiuno tumetwishwa sisi tu, na sisi wenyewe tunatwishana. Kwa hiyo usikubali kuchagua, ila chukua lile swali lililo ndani ya maneno yake: ni nani anatazama, na anatazama nini. Harusi ya watu mnaojuana siyo sawa na hoteli ambako mgeni amelipia chakula na kiuno chako kimeandikwa pamoja na samaki. Unaweza kucheza kule ukakataa huku. Unaweza kumuomba yeye mwenyewe aje mazoezini siku moja akuonyeshe mwendo upi haukustahili kutoka nje. Makungwi wanapenda kuulizwa. Na akishakuja, ameshakuwa upande wako mbele ya mwanawe.

Kama moyo wako una wasiwasi wa kidini, mtafute mwalimu unayemwamini, hasa mwanamke, umuulize jambo moja moja: mavazi, wanaotazama, mapato. Masheikh hawasemi kauli moja juu ya ngoma, na mimi sitajivisha kilemba chao.

Nimeliacha la mwisho lile uliloliita dogo, maana mimi silioni kuwa dogo. Unazipasha ngozi moto, unasikia sauti ikishafika, halafu unapokonywa vijiti. Mwanangu, unajua wapiga muheme wa Wagogo ni akina nani? Ni wanawake. Wanazibana ngoma katikati ya magoti, wanapiga kundi zima, na wanaume ndio wanaosogea pembeni. Bi Kidude niliyemtaja, aliyefariki 2013, alikuwa anapiga msondo wa unyago umebanwa miguuni, kanga kiunoni. Na huko Kisarawe mwanamume haingii ndani ya mkole, je, nani anapiga? Mkwe wako, ukimuuliza vizuri, atakwambia kuna wanawake wenye mikono ya ajabu, na huenda yeye ni mmoja wao. Eti wanawake nyuma, wapigaji waje! Hao vijana wenu wamejifunzia mambo hayo jukwaani.

Sisemi uchukue vijiti ili ukwepe ugomvi wa kiuno. Ukifanya hivyo watu watasema umefichwa nyuma ya ngoma, na wewe mwenyewe utajisikia umefichwa. Vichukue kwa sababu ndivyo unavyovitaka, umeniandikia mwenyewe, na umeandika kwa haraka kama mtu anayeogopa kuonekana anadai makubwa. Ukitaka kucheza na kupiga vyote viwili, dai vyote viwili.

Anza wiki hii. Kabla hujaenda kwa kiongozi, kabla ya yale mazungumzo na mumeo, nenda kwa mkwe wako na sahani ya vitumbua, umwambie unataka kujifunza kupiga. Hata kama ni kwa ndoo iliyofunikwa uani. Sikiliza atakavyokujibu, halafu mwambie na habari ya lile vazi na ile kanga ya pamba unayotaka kuifunga, umuulize yeye angeifungaje ikae bila kuteleza. Ukipata vijiti kikundini, omba kipande kimoja tu cha sindimba upige kinganga wewe mbele ya wote, siku ya mazoezi, mkwe wako akiwepo. Sabasaba ikishapita niandikie.

Shangazi